Tikisa Nazi Kabla Hujailipia

Ndugu msomaji, mwenye kununua nazi sokoni haridhiki kuitazama kwa macho. Huishika, huisogeza sikioni na kuitikisa, apate kusikia kama ndani mna maji. Nazi nzima na nazi mbovu hufanana kwa nje, na muuzaji huzisifu zote kwa ulimi ule ule. Leo nataka tuzungumze habari ya bidhaa nyingine, ambayo watu wetu huilipia fedha nyingi kuliko nazi elfu moja, lakini wengi huinunua bila ya kuitikisa. Bidhaa hiyo ni kozi ya kumwandaa mtu awe mwalimu wa Kiingereza katika nchi za nje.

Habari yenyewe ilinifuata nyumbani. Jioni moja ya Ijumaa mama yangu mdogo, mkazi wa Muheza, alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata shauri lakini bado anatafuta wa kumwunga mkono.

"Mwanangu," alisema, "wewe ndiye mwenye kusoma katika ukoo huu. Njoo kesho utusomee karatasi hizi kabla sijatia sahihi ya kuuza kiwanja."

Kiwanja hicho nakifahamu. Marehemu mumewe alikinunua kwa fedha za machungwa, akaanza kukusanya matofali, na mauti yakamkuta kabla hajaweka msingi. Sasa binti yao, aliyemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri katika Kiingereza, alikuwa amepata tangazo katika simu. Tangazo lilisema kwamba kwa kozi fupi ya intaneti na ada ya wakala, angepata kazi ya kufundisha Kiingereza huko Asia, pamoja na nyumba ya kukaa. Wakala alikwisha piga simu mara 4 katika juma lile, akihimiza kwamba nafasi zinakwisha.

Kabla sijaeleza yaliyotokea Muheza, hapana budi nikiri jambo moja ambalo sijapata kuliandika katika ukurasa huu. Miaka 3 iliyopita mdogo wangu wa kiume aliniletea karatasi za namna hiyo hiyo. Alikuwa na stashahada ya uhasibu na hana kazi. Aliniambia, "Dada, wewe ni mwandishi wa habari, nitazamie kama hawa ni watu wa kweli." Nilitazama. Niliona nembo ya rangi ya dhahabu, Kiingereza kilichonyooka na neno "kimataifa" katika kila aya. Nikamwambia alipe. Fedha alizolipa zilikuwa zamu ya mama yetu katika upatu.

Alisoma kozi ile kwa Jumamosi moja na Jumapili moja, akapelekewa cheti kilichoandikwa kwamba amehitimu mafunzo ya saa 120. Mimi niliyepata mafunzo ya uandishi, niliyefundishwa kuhakiki kila tarakimu, sikupiga hesabu ndogo kabisa: siku 2 zina saa 48, hata mtu akikesha. Alipoomba kazi, shule ya kwanza iliyomjibu ilimwuliza swali moja tu, kwamba amefundisha wanafunzi kwa saa ngapi huku mkufunzi akimwangalia. Alinijia na simu yake mkononi ili nimsaidie kujibu. Sikuwa na jibu. Cheti kile kingali ndani ya bahasha. Mama hajapata kutuuliza habari ya fedha zake, na kutouliza kwake huko ndiko kunakoniuma zaidi.

Baada ya kosa lile nilifanya nilichopaswa kufanya kabla yake. Nilisoma. Na haya ninayokueleza, ndugu msomaji, ndiyo niliyokwenda nayo Muheza.

Jambo la kwanza ni jina. Utaona herufi TEFL, TESL na TESOL katika matangazo mengi. Herufi hizo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuwafundisha Kiingereza watu wa lugha nyingine. Si jina la cheti kimoja wala la chuo kimoja. Hakuna mamlaka moja ya dunia inayomiliki jina hilo, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kulibandika juu ya karatasi yake. Mtu akikuambia kwamba anauza "cheti cha TEFL", ni kama kukuambia kwamba anauza "dawa". Ni dawa gani, imetengenezwa na nani, na imepimwa na nani, bado hajakuambia.

Lakini ndani ya jina hilo pana vyeti viwili ambavyo waajiri wengi duniani huvitambua. Cha kwanza ni CELTA, ambacho hutolewa na kitengo cha mitihani cha Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza. Cha pili ni CertTESOL, ambacho hutolewa na bodi ya mitihani ya Trinity College London.

Asili ya CELTA yafaa ijulikane, kwa kuwa inatuonyesha kozi nzuri hutokana na haja gani. Mwaka 1953 mtu na mkewe, John na Brita Haycraft, walifungua shule ya lugha katika mji wa Córdoba, Hispania. Mwaka 1959 wakaanzisha shule nyingine London. Waliona kwamba kuzaliwa na lugha ni jambo moja, na kuweza kuifundisha ni jambo jingine. Basi mwaka 1962 wakaanza kuwafunza walimu kwa kozi ya wiki 2, ambayo kiini chake kilikuwa kumsimamisha mwanafunzi wa ualimu mbele ya wanafunzi wa kweli. Kozi hiyo ikakua, ikapata bodi ya kuitahini, na mwaka 1988 Cambridge ikaipokea. Jina la CELTA lilianza kutumika katika miaka ya 1990.

Sasa tuitikise nazi hiyo. Kozi ya CELTA ina saa zisizopungua 120 baina ya mwanafunzi na wakufunzi wake. Piga hesabu: wiki 4, siku 5 kwa wiki, saa 6 kwa siku. Hesabu inatimia, na ndiyo sababu kozi ya mfululizo huchukua kiasi cha mwezi mmoja, bila ya kuhesabu kazi za usiku. Ile ya Trinity ina saa zisizopungua 130. Katika kila moja ya kozi hizi mbili mwanafunzi hana budi afundishe kwa saa 6, yaani kama vipindi 8 vya dakika 45, mbele ya watu waliokuja kujifunza Kiingereza kwa haja zao wenyewe. Mkufunzi huketi nyuma ya darasa na daftari, na kipindi kikiisha humweleza alipofaulu na alipokosea. Mtahini kutoka nje ya chuo naye huja kukagua. Mwajiri akitia shaka, anaweza kuhakiki cheti huko kilikotoka.

Tena kozi hizi hazimpokei kila mwenye fedha. Mwombaji hupewa maswali ya kujibu kwa maandishi, kisha husailiwa. Kozi inayokukubali dakika ile ile unapotuma fedha, itazame mara ya pili.

Katika kozi ya Trinity mna somo moja lililonifurahisha sana. Mwanafunzi wa ualimu hufundishwa kwa saa 4 lugha asiyoijua kabisa, na mwalimu haongei naye ila kwa lugha hiyo hiyo. Kisha hutakiwa aandike alivyojisikia. Kusudi ni kumkumbusha ule unyonge wa kukaa darasani bila ya kujua mwalimu anasema nini, kabla hajawasimamia wengine walio katika hali hiyo. Sisi tulioanza kusikia Kiingereza darasani, na si vifuani mwa mama zetu, unyonge huo twaujua. Ni mtaji wetu. Mswahili anayefundisha Kiingereza anakumbuka ni wapi alipojikwaa, mathalan pale "yeye" wetu mmoja alipogawanyika kuwa "he" na "she", au pale alipoulizwa tofauti ya "I ate" na "I have eaten" na mwalimu akamjibu kwamba ndivyo ilivyo, aikariri tu.

Lakini mtaji si biashara. Kozi nzuri ndiyo inayoufanyia kazi. Chukua mfano wa neno moja ambalo wewe na mimi tulilisikia kila siku shuleni: "Mmeelewa?" Nasi darasa zima tukaitika, "Ndiyo, mwalimu!" hata yule aliyekuwa akisinzia. Katika kozi hizi mwanafunzi wa ualimu hufundishwa kuliacha swali hilo, maana jibu lake halithibitishi kitu. Hutakiwa aulize swali ambalo hawezi kulijibu ila aliyeelewa. Kama amefundisha maana ya "I have lived here for five years", haulizi kama wameelewa, bali huuliza, "Je, mtu huyu bado anakaa hapa, au alikwisha hama?" Mbinu kama hiyo mtu anaweza kuisoma katika kitabu kwa dakika 5. Kuizoea mbele ya watu 12 wanaomtazama, huku jasho likimtoka, ndiko kunakohitaji saa 6 na mkufunzi wa nyuma.

Je, kozi za intaneti zote ni bure? Sivyo, na sipendi nimdhulumu mtu. CELTA yenyewe siku hizi yaweza kusomwa kwa intaneti, lakini mwanafunzi bado hufundisha watu hai, akiangaliwa kipindi hadi kipindi. Zipo pia kozi fupi za bei nafuu zinazoeleza sarufi na mpango wa somo kwa uaminifu, na mwalimu aliyekwisha ajiriwa anaweza kunufaika nazo. Kasoro huanza pale kozi isiyo na darasa inapouzwa kwa sifa za kozi yenye darasa. Na usisahau bei. Katika vituo vingi vya Uingereza ada ya CELTA peke yake huzidi pauni 1,000, mbali na nauli na chakula. Kozi hiyo imekuwa ikifundishwa Afrika pia, katika miji kama Cairo na Cape Town, ingawa huko nako si bei ya karanga. Kwa hiyo hata kozi iliyo bora kabisa yaweza kuwa hasara, iwapo haifungui mlango ulio mbele yako.

Hapo ndipo lilipo jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Watu wengi huchagua kozi kwanza, kisha hutafuta nchi. Yafaa kuanza kinyume chake: tazama mlango wa nchi unayotaka kwenda, uone unaomba ufunguo gani, kisha ndipo utafute kozi ya kukupa ufunguo huo. Na tusifichane. Milango mingine haitazami cheti chako wala ufasaha wako. Hutazama pasipoti.

Korea ya Kusini, mathalan, viza yake ya walimu wa lugha iitwayo E-2 kwa jumla hutolewa kwa raia wa nchi 7 kwa ajili ya Kiingereza: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. China nayo, tangu utaratibu wa vibali vya kazi ulipounganishwa mwaka 2017, kwa kawaida huwataka walimu wa Kiingereza wawe raia wa nchi ambazo lugha hiyo ni ya kuzaliwa, wawe na shahada ya chuo kikuu, na tena wawe na ujuzi wa miaka 2 au cheti cha kufundishia lugha. Twaweza kusema kwamba masharti haya hayana haki, na mimi nasema hivyo. Lakini kijana wa Muheza hawezi kuyabomoa kwa kuuza kiwanja cha baba yake.

Ipo milango iliyo wazi zaidi. Thailand na Vietnam huajiri walimu wa mataifa mengi, na Waafrika wamo. Lakini huko nako shahada ya chuo kikuu ndiyo huulizwa kwanza, kisha cheti cha kufundishia, kisha hati za polisi na uthibitisho wa vyeti, na mara nyingi mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC kwa wasiotoka katika nchi zile za lugha ya kuzaliwa. Shule nyingi za nchi za Ghuba nazo hutaka shahada na sifa za ualimu. Kwa maneno mengine, kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki kozi fupi ni kitoweo. Ugali ni shahada, tena shahada ya ualimu ikiwezekana.

Wala nchi ya nje si lazima iwe ng'ambo ya bahari. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kuacha Kifaransa na kufundishia kwa Kiingereza, na kazi ya kuwaandaa walimu kwa lugha hiyo imeendelea tangu wakati huo. Mwaka 2022 ilipokea walimu kutoka Zimbabwe kwa mapatano baina ya serikali mbili. Sudan ya Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 ilikifanya Kiingereza lugha rasmi ya kazi. Burundi mwaka 2014 ilikiongeza katika lugha zake rasmi, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, ingawa kila nchi ilitaja kazi inazowafungulia majirani, na kibali bado chahitajika. Mwalimu mwenye shahada, anayejua Kiingereza na Kiswahili, ana sababu ya kutazama upande huo kabla hajatazama mbali.

Upo na mlango mmoja ambao wengi wetu huupita bila ya kuubisha. Kwa miaka mingi mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni umewachukua vijana kutoka Kenya na Tanzania, wengi wao wakiwa wamesomea ualimu wa Kiingereza, kwenda Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Huko hawakufundisha Kiingereza. Walifundisha Kiswahili. Katika mpango wa namna hiyo mshiriki huchaguliwa kwa sifa zake, halipi wakala. Kijana anayejiandaa kuwa mwalimu bora wa lugha ngeni, huenda akaja kugundua kwamba lugha aliyozaliwa nayo nayo inatafutwa.

Basi Jumamosi ile nilifika Muheza saa 5 asubuhi. Nilimwamkia mama, "Shikamoo." Akanijibu, "Marahaba, mwanangu, karibu," na kuendelea kupepeta mchele. Binti alinisalimu kwa furaha, akanionyesha kijitabu cha rangi chenye picha ya mwalimu akicheka na watoto. Nilisoma kila ukurasa. Kisha nikaomba tumpigie simu wakala, na sauti isikike kwetu sote watatu.

Nilimwuliza, "Ndugu, binti huyu atafundisha wanafunzi kwa saa ngapi, na nani atakuwa akimwangalia?"

Akajibu, "Dada, siku hizi mambo yote ni katika kompyuta. Atatazama video."

"Cheti kinatambuliwa na nani?"

Akataja baraza lenye jina refu. Tulilitafuta katika simu ya binti, tukaona kwamba baraza hilo halina chuo kingine linachokitambua ila hicho hicho kinachouza kozi.

"Yeye ana cheti cha kidato cha sita tu. Nchi hiyo haitaki shahada?"

"Hayo tunayamaliza sisi."

"Na viza?"

"Ataingia kwa viza ya utalii, kisha ataibadilisha huko huko."

Mama mdogo, ambaye muda wote huo alikuwa kimya, aliuweka chini ungo wake. "Baba," alimwuliza wakala kwa upole, "kama kazi ipo na wanaomtaka wapo, kwa nini mwanangu aingie kwao kama mtu aliyekwenda kutembea?"

Wakala alijibu kwamba mtandao ni mbaya na kwamba angepiga baadaye. Mpaka ninapoandika haya, hajapiga.

Ndugu msomaji, sikulitunga mimi swali lile lililomaliza maneno. Alilitunga mama asiyewahi kuishika pasipoti. Anayekwenda nchi ya watu kufanya kazi kwa viza ya utalii huwa mkosaji wa sheria tangu siku ya kwanza darasani. Mwajiri akimnyima mshahara hana pa kushitaki, na askari akigonga mlango hana pa kujificha. Ndiyo maana serikali zetu huwataka mawakala wa ajira wawe na leseni. Nchini Kenya mawakala huandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na Tanzania idara ya kazi ndiyo ya kuuliza. Kuuliza huko hakuna ada.

Ningependa nikuambie kwamba sote tulifurahi. Haikuwa hivyo. Binti aliondoka akaketi chini ya mchungwa, na nilipomfuata alikuwa akilia. "Dada," alisema, "wenzangu wanaondoka. Nami nibaki hapa nikiuza machungwa mpaka lini?" Sikumwambia kwamba ana haraka, wala sikumtolea methali. Tamaa yake ya kwenda si kosa. Kilichokosa ni njia aliyouziwa. Nilimweleza habari ya mdogo wangu na upatu wa mama, habari ambayo hakuwa ameisikia. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Basi nianze na nini?"

Tulichukua daftari, tukaandika kuanzia mlangoni kurudi nyuma. Kazi anayoitaka inaomba shahada, na kwa matokeo yake anaweza kuomba nafasi ya shahada ya elimu katika Kiingereza na Kiswahili hapa hapa nchini, pamoja na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Njia hiyo ni ya miaka, si ya wiki, na sikumficha. Baada ya hapo, akiwa bado anataka kuvuka mipaka, ndipo kozi yenye saa 6 za darasa la kweli itakuwa na faida, na wakati huo huenda akailipia kwa mshahara wake mwenyewe. Na kabla ya yote hayo, ajijaribu kama kazi yenyewe anaipenda. Jirani zao wana watoto watatu wanaojiandaa kuingia kidato cha kwanza, ambao Kiingereza kinawatisha. Awafundishe kila jioni, bila malipo, kwa miezi miwili.

Kama nawe, msomaji, unalo jambo hili nyumbani, iwe kwa mwanao au kwa nafsi yako, muulize anayekuuzia kozi maswali matano kabla ya kufungua mkoba. Nitafundisha watu wa kweli kwa saa ngapi? Nani ataniangalia na kunisahihisha? Nani, asiyekuwa wewe, anakitambua cheti hiki, na mwajiri anaweza kukihakiki wapi? Nchi ninayoitaka inapokea pasipoti yangu na elimu niliyo nayo, na nitaingia kwa viza gani? Na waliosoma kwako kabla yangu wako wapi, nami naweza kuzungumza na mmoja wao? Muuzaji wa haki hakasiriki kwa maswali hayo. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Wiki 3 baadaye nilipita Muheza tena. Niliwakuta watoto wale watatu mkekani, ubarazani, na binti amesimama mbele ya ubao alioutengeneza kwa kipande cha mbao. Alieleza jambo kwa Kiingereza chake kizuri, akageuka, akauliza, "Mmeelewa?" Wote wakaitika kwa sauti moja, "Ndiyo, dada!"

Aliniona nimeketi nyuma. Akatabasamu kidogo, akafuta ubao, akamwita yule mdogo kuliko wote asimame na kumweleza mwenzake alichokifahamu. Mtoto alisimama, akafungua kinywa, akakwama. Binti hakumkaripia. Alianza somo upya, polepole, tangu mwanzo.

Kiwanja kipo. Matofali nayo yapo, yameota majani, yanangoja. Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.